Jiwe Lina Upande Wake

Katika miaka 33 niliyofundisha nimejibu maswali mengi, na mengi ya hayo nimeyasahau pamoja na majibu yake. Lipo moja ambalo halikunitoka. Niliulizwa mwaka 1983, katika chuo cha ualimu ambacho sitakitaja jina, kipindi cha Jiografia, saa nne za asubuhi. Nilikuwa mkufunzi kijana wa miaka 34, na kama walivyo wakufunzi wengi wa umri huo, nilijiona najua.

Siku hiyo nilikuwa nimechora ubaoni milima kunjamano: matabaka ya mawe yaliyopanda na kushuka kama mawimbi, na mishale miwili minene, mmoja kutoka kushoto na mmoja kutoka kulia, ikiyasukuma. Mchoro ule niliupenda. Niliuchora kwa chaki za rangi tatu, na kwa kuwa miaka ile hata chaki nyeupe ilikuwa ya kuhesabiwa, wanachuo walijua kuwa siku ya chaki za rangi ni siku kubwa.

Akasimama mwanachuo mmoja kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shati moja jeupe ambalo alilifua kila jioni. Akasema, “Mwalimu, hiyo mishale umeichora wewe. Ndani ya jiwe lenyewe imeandikwa wapi? Na jiwe lilisukumwa kwanza ndipo likakunjika, au lilisukumwa huku likikunjika?”

Sikuwa na jibu. Badala ya kusema sina, nikamwambia, “Hayo muulize Mungu, ndiye aliyekuwapo.” Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka, wala hakukaa. Akasema polepole, “Mimi nimeuliza kwa sababu jiwe lina upande wake.” Nikamwamuru akae, nikaendelea na somo.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini mwisho wa mwaka tulitakiwa kujaza taarifa ya tabia ya kila mwanachuo kabla hajapangiwa kituo cha kazi. Kwenye taarifa yake niliandika: “Mwerevu, lakini mbishi. Asipewe madaraka mapema.” Nakumbuka hata kalamu niliyotumia. Niliandika kwa dakika moja, nikafunika, nikachukua ya mwingine.

Mwaka 2001, mimi mwenyewe nikiwa mkuu wa chuo, nilialikwa kwenye kikao kimoja cha kujadili majina ya walimu wanaofaa kuwa walimu wakuu wa shule za msingi. Jina lake lilisomwa. Mwenyekiti akafungua jalada, akasoma maneno yangu kwa sauti, neno kwa neno, ila sasa yalikuwa yamepigwa chapa na hayana jina la mwandishi. Mjumbe mmoja akasema, “Huyu tulimwacha hata mara iliyopita kwa sababu hiyo hiyo.” Mwenyekiti akageuza ukurasa. Mimi nilikuwa nakoroga chai iliyokwisha koroga. Sikusema neno. Nimejitafutia udhuru mwingi tangu siku ile, na hakuna hata mmoja ambao ningeuthubutu kuusema mbele ya mke wangu.

Sasa nirudi kwenye jiwe, maana jiwe ndilo lililonirudisha huku.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alisomea jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Likizo moja ya Pasaka alikuja kunijulia hali, akaniona nimekaa barazani na atlasi yangu ya zamani. Katika mazungumzo nikamhadithia lile swali, kwa mzaha, kama kisa cha mwanachuo msumbufu. Jalada sikulitaja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Lakini mjomba, alikuwa na haki. Imeandikwa.” Akaingia ndani kuchukua kompyuta yake.

Alinionyesha picha iliyopigwa kwa hadubini. Wanachofanya ni kukata kipande cha jiwe la chokaa na kukisaga hadi kibaki na unene wa sehemu 3 za mia za milimita. Hapo jiwe linapitisha nuru kama kioo. Likiwekwa katikati ya vichujio viwili vya nuru, kila punje ya jiwe huonekana na rangi yake. Punje hizo ni fuwele za madini yaitwayo kalsaiti, ambayo ndiyo hasa mwili wa mawe ya chokaa na wa marumaru. Na ndani ya punje nyingi niliona mistari, imenyooka na kupangana sambamba kama mistari ya daftari. Punje moja ina mistari ya upande mmoja, jirani yake ina mistari ya pande mbili iliyokatizana, na nyingine haina kabisa.

“Hiyo mistari ni nini?” nikauliza.

“Ni pacha,” akasema.

Nikadhani anatania. Akanieleza, na nimesoma zaidi tangu hapo, kwa hiyo nitaeleza kwa maneno yangu. Fuwele ya kalsaiti imejengwa kwa safu za chembe zilizopangwa kwa utaratibu mmoja. Ikisukumwa vya kutosha, haipasuki mara moja. Utando mwembamba ndani yake huteleza na kuinama, ukajipanga upya uwe taswira ya sehemu iliyobaki, kama uso na sura yake kwenye kioo. Utando huo ndio pacha. Mwaka 1879 Mjerumani Heinrich Baumhauer alionyesha kuwa jambo hili linaweza kufanyika mezani: alichukua fuwele safi ya kalsaiti, akagandamiza ukali wa kisu kwenye ukingo wake, na kona ya fuwele ikasogea na kuwa pacha bila kuvunjika. Kisu tu na mkono wa mtu. Nilipolisoma hilo niliudhika kidogo, kwa kuwa nimefundisha miaka mingi nikilalamika kuwa chuo hakina vifaa.

Jambo la maana ni kwamba kalsaiti haikubali kuteleza ovyo. Kila fuwele ina mielekeo mitatu tu ambayo pacha wanaweza kufuata, na katika kila mwelekeo huteleza kwenda upande mmoja, haiendi upande wa pili. Kwa hiyo ukimwona pacha katika punje, na ukapima jinsi punje ilivyolala, unajua kwa makadirio msukumo ulitoka wapi. Francis Turner, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Berkeley huko Marekani, alieleza namna ya kufanya hesabu hiyo katika makala ya mwaka 1953. Msukumo ufaao kuliko mingine ni ule unaoukabili utando wa pacha kwa pembe ya nyuzi 45. Punje moja haitoshi, maana inaweza kudanganya kama shahidi mmoja. Unapima makumi ya punje zilizolala huku na huko, kisha unatazama zinaafikiana wapi.

Turner na wenzake hawakuishia kwenye hesabu. Walichukua marumaru ya Yule, kutoka Colorado, ile ile nyeupe iliyotumika kujengea ukumbusho wa Rais Lincoln mjini Washington, wakaikandamiza katika mashine kwa upande wanaoujua wenyewe, kisha wakaikata na kuitazama. Pacha walitokea pale walipotarajiwa. Yaani waliandika jibu kwanza, halafu wakaangalia kama jiwe litawapa jibu hilo hilo. Mwalimu yeyote anaona uzuri wa jaribio la namna hiyo.

Kuna na kiasi cha nguvu. Ili utando uanze kuteleza, nguvu inayouvuta katika mwelekeo wake lazima ifike takriban megapaskali 10. Ukitaka picha yake, lifikirie gunia la kilo 100 limesimama juu ya ukucha wa kidole gumba. Na kwa kuwa msukumo haufiki wote kwenye utando, msukumo wenyewe lazima uwe walau maradufu ya hapo. Punje zilizokaa vizuri huteleza mapema, zilizokaa vibaya hustahimili, kwa hiyo hesabu ya zilizoteleza na zisizoteleza inaonyesha msukumo ulifika kiasi gani. Hili la zisizoteleza lilinivutia. Mwaka 1984, mwaka mmoja tu baada ya swali la darasani kwangu, Mfaransa Arnaud Etchecopar alitoa njia ya hesabu ambayo punje tupu, zisizo na mstari wowote katika mwelekeo fulani, nazo zinaitwa kutoa ushahidi. Kama msukumo ungetoka upande huo, zingekuwa na alama. Hazina. Basi haukutoka huko.

Hata unene wa pacha una maana. Jiwe lililosukumwa likiwa na joto chini ya nyuzi 200 hivi huwa na pacha wembamba walionyooka. Lililosukumwa likiwa na joto zaidi huwa na pacha wanene, na joto likizidi huwa hata wamepinda.

Lakini swali la mwanachuo wangu lilikuwa na sehemu ya pili, nayo ndiyo ngumu: kabla au wakati wa kukunjwa? Mpwa wangu alitandua kitambaa cha meza. Akakitandaza sakafuni, akachukua chaki ya mwanangu ya kushonea, akachora juu yake mistari mifupi yote ikielekea upande mmoja. Kisha akakisukuma kwa viganja viwili kikainuka katikati kama tuta. Mistari ya ubavu huu ikainama huku, ya ubavu ule ikainama kule, hazikuafikiana tena. Akakinyoosha, zikaafikiana. “Ukiona hivyo,” akasema, “alama zilichorwa kabla ya mkunjo.” Halafu akakikunja tena, na safari hii akachora mistari wakati tuta limesimama, yote imelala sawa na sakafu. Alipokinyoosha, mistari ikavurugika. “Ukiona hivyo, zilichorwa baada.” Mke wangu alipotoka jikoni akakuta kitambaa chake kimejaa chaki, aliuliza nani mtoto kati yetu.

Ndivyo wanavyofanya na milima. Karibu na Greybull, katika jimbo la Wyoming, kuna kilima kirefu kiitwacho Sheep Mountain, ambacho si kingine ila mgongo mmoja wa matabaka yaliyokunjika, na mto Bighorn umekikata katikati kama kisu kikatavyo mkate, hata mkunjo unaonekana kwa macho. Ndani yake mna chokaa ya Madison, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300. Mwaka 2010 Khalid Amrouch, Olivier Lacombe na wenzao walichapisha vipimo vya pacha na nyufa za mawe ya kilima hicho. Pacha wengine wanaafikiana pale tu matabaka yanaponyooshwa kwa hesabu. Hao walikuwako jiwe likiwa bado limelala. Wengine wanaafikiana matabaka yakiachwa yalivyo, kwa hiyo walikuja mwishoni, mkunjo ulipokwisha kusimama na msukumo haujaacha. Tena wakakuta alama za msukumo wa zamani zaidi, uliotoka kwenye ujenzi wa milima mingine iliyo mbali upande wa magharibi. Jiwe moja, na misukumo mitatu iliyofika kwa zamu.

Kwa hiyo jibu la swali la mwaka 1983 lilikuwa “yote mawili, na inawezekana kuyatenganisha.” Na njia ya kulitafuta ilikuwa imechapishwa miaka 30 kabla hajauliza.

Kuna jambo moja katika haya yote ambalo nililisoma mara mbili usiku huo huo. Mwaka 1997 Ben van der Pluijm na wenzake walikusanya vipimo vya pacha kutoka mawe ya chokaa ya katikati ya Marekani Kaskazini, nchi tambarare ambako matabaka hayakukunjika. Ukiyatazama mawe hayo utasema hayajaguswa. Lakini ndani yake mna pacha, na pacha hao wanaelekeza kwenye safu za milima zilizo pembezoni mwa bara. Mbele ya milima msukumo ulikuwa zaidi ya megapaskali 100, ukapungua kadiri ulivyoingia ndani, hadi kufika kiasi cha 20 umbali wa kilomita 2000. Kilomita 2000 kutoka kwenye mlima, jiwe limelala kimya, na limeandikwa.

Niliwahi kudhani kuwa darasa lile lilicheka, likasahau, likaenda kula. Wengi wao, naam.

Nilimwuliza mpwa wangu kama tunaweza kuisoma vivyo hivyo milima yetu ya Uluguru, iliyo mbele ya baraza langu na yenye marumaru, ile ile inayotoa rubi kule Matombo. Akatikisa kichwa. Mawe ya Uluguru yaliiva mno. Yalishuka chini sana, yakapata joto ambalo fuwele za kalsaiti hukua upya na kufuta ya zamani. Pacha wanaopatikana katika marumaru ya namna hiyo ni wa baadaye, jiwe lilipokwisha poa. Wanasimulia mwisho wa safari tu. Na chokaa ya Amboni, kule Tanga, ya enzi ya Jurasi, haikukunjwa kama ya Wyoming. Nilisikitika kidogo, maana nilitaka jibu liwe la kwetu.

Ilinichukua miezi minne kupata mahali anapoishi. Alikwisha staafu, ana shamba la mpunga na miembe upande wa Turiani. Nilipanda basi peke yangu. Mke wangu alitaka kunisindikiza, nikakataa, akanielewa. Mfukoni nilikuwa na vipande vitatu vya kalsaiti safi alivyonipa mpwa wangu, vimefungwa kwenye leso.

Alinipokea kama mwalimu wake. “Shikamoo, Mwalimu,” mzee wa miaka sitini na zaidi, mvi tupu, na akamwita mjukuu aje anipokee mfuko. Tulikaa chini ya mwembe. Nilikuwa nimejipanga kuanza na mvua na mpunga, lakini niliona nikianza hivyo nitarudi nyumbani bila kusema. Nikamwambia moja kwa moja kwamba maneno yaliyo kwenye jalada lake niliyaandika mimi, kwamba niliyaandika kwa sababu aliniuliza swali nisiloliweza, na kwamba mwaka 2001 nilikuwapo kikaoni nikanyamaza.

Hakusema kitu kwa muda. Akamwita mjukuu, akamwagiza chai. Kisha akasema, “La kuandika nililijua, Mwalimu. Mwaka 1990 karani mmoja alinionyesha ile karatasi ya awali. Mwandiko wako naufahamu, wewe ndiye uliyenifundisha kuandika ubaoni.” Akatulia. “La kikao sikulijua.”

Chai ililetwa, tukanywa. Sikumwomba anisamehe kwa maneno hayo hasa, na yeye hakusema kuwa amenisamehe. Alizungumza habari za shule tatu alizofundisha, na wakuu wa shule aliowahudumia, mmoja wao akiwa kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe darasa la nne. Alizungumza bila kuinua sauti. Mimi nilisikiliza.

Baadaye nikamwuliza maneno yale, “jiwe lina upande wake,” aliyatoa wapi. Akashangaa kuwa nayakumbuka. Swali lenyewe alikuwa amelisahau, alichokumbuka ni kicheko. Maneno, akasema, ni ya baba yake, aliyepasua kokoto katika machimbo ya chokaa huko Tanga. Baba yake alikuwa akiligeuza jiwe mkononi mara mbili tatu kabla ya kulipiga nyundo, na mtoto akiuliza kwa nini, humjibu hivyo.

Nikafungua leso. Nikamweleza habari za pacha na za kisu, naye akaingia ndani akaja na kisu cha kukatia mboga na ubao wa kukunia nazi. Kipande cha kwanza kilipasuka vipande vinne. Akakitazama kilivyopasuka, akasema nimekikamata vibaya, akakichukua cha pili mwenyewe. Alikigeuza mara mbili tatu. Akakisimamisha juu ya ukingo wake butu, akaweka ukali wa kisu kwenye ukingo wa juu, karibu na kona, akagandamiza taratibu kwa kiganja. Hakikulia. Kona ikasogea, kabari ndogo kiasi cha punje ya mchele, na uso wake mpya ukameremeta kama kioo.

Mjukuu alikishika akakielekeza juani. Babu yake akakichukua tena, akaipapasa ile kona kwa kidole.

“Sasa Mwalimu,” akasema, “nikiisukuma kutoka upande wa pili, inarudi?”

Nikamwambia sijui. Nikatoa daftari langu dogo nikaliandika swali lake, na jina lake pembeni, ili nimpelekee mpwa wangu. Akanitazama nikiandika hadi nilipomaliza. Kisha akakiweka kile kipande cha tatu katikati yetu juu ya ubao, akanipa kisu.